Ushuhuda wa Uyoga

Mnisamehe, sijui kusimulia kwa upole. Kazi yangu ni kuwaogesha wazee wa Kizungu kule Hilliard, pembeni ya mji wa Columbus huku Amerika, kuwageuza kitandani, kuwavalisha, kuwalisha na kuwasikiliza. Nikirudi nyumbani Linden, upole wote nimeshauacha kwao. Kwa hiyo nitasema tu mambo yalivyokuwa, na anayetaka kukasirika akasirike. Mimi nimeshakasirika kabla yake.

Semahoro ni mdogo wangu. Baba yake alikuwa mdogo wa baba yangu. Wazungu wana neno lao la kumsogeza mbali mtu wa namna hiyo, lakini sisi tulikula sahani moja na kulala mkeka mmoja, basi ni mdogo wangu. Anakaa Newburg, kule Louisville, kwenye majengo ya kupanga yenye ngazi za chuma. Anafanya kazi depo, anapanga vifurushi vya watu wanaonunua vitu wakiwa wamelala. Hana gari la kujivunia. Kwaya ilimtoa kwa heshima zote, kwa sababu sauti yake ilikuwa inawapoteza wenzake. Ni mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa jambo moja: hajui kusema uongo. Sisemi hapendi. Hajui, kama vile wengine hawajui kuogelea.

Kambini Uganda, siku ya kuhesabiwa, kila familia ilikuwa inaongeza jina la mtu asiyekuwepo ili mahindi ya mgao yafike mwisho wa mwezi. Mama yangu alimfundisha Semahoro: wakikuuliza baba yako yuko wapi, sema amekwenda kuchanja kuni. Akaitikia vizuri. Afisa akaja, akamuuliza. Mtoto akamtazama machoni, akasema, "Baba alikufa." Mwezi ule tulikula uji mwepesi. Mama alimchapa, halafu akakaa chini akalia, kwa sababu kweli baba yake alikuwa amekufa.

Alikufa Burundi. Tulipotoka milimani kwetu, Kivu ya Kusini, tulifikia kambi ya huko, na kambi ikashambuliwa. Hema zikachomwa. Baba yake Semahoro alimlalia mtoto ili risasi zisimpate, akafa hivyo hivyo, juu yake. Tulipokuja kumtoa mtoto asubuhi alikuwa mzima, macho wazi, hasemi. Dada zake hatukuwapata. Mama yake, Nyirangabo, hatukumpata, tukamweka kwenye hesabu ya wafu. Tukamchukua Semahoro, tukakimbilia Uganda, na huko ndiko tulikopata ndege ya kuja Amerika.

Tukiwa tayari huku, mtu mmoja akatuma WhatsApp picha ya wamama wa kanisa katika kambi nyingine ya Burundi. Safu ya nyuma, kitambaa cha kijani kichwani: Nyirangabo. Alikuwa hai. Usiku ule wa shambulio alibebwa hospitali, akakaa miezi, na alipotoka sisi tulikuwa tumeshaondoka. Na yeye alikuwa ametuhesabu wafu. Semahoro alipoiona picha hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kapeti, akaishika simu kwa mikono miwili mpaka ikazima.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja duniani, kumleta mama yake. Depo ilikuwa ya kulipia nyumba tu. Sheria ya hapa ni hivi: mwenye grinkadi, kibali cha kuishi tu, hawezi kumwombea mama yake, raia anaweza. Na mimi, hata nikipewa uraia leo, kwa macho yao Nyirangabo si mtu wangu, ni mke wa mdogo wa baba. Donc, yaani basi, ilibaki Semahoro peke yake. Apate uraia, mama aje. Asipopata, mama abaki kambini na miguu yake iliyovimba na presha yake, anywe dawa siku zikiwepo. Kila Jumapili Nyirangabo alikuwa anapiga simu na neno lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, umefika wapi?"

Sasa, usingizi. Semahoro hakuwa na usingizi. Akifumba macho tu, anasikia uzito juu ya kifua, anajua ni nani. Kanisa lilifunga na kusali. Walimwekea mikono, walimpaka mafuta, mama mmoja akaota kwamba ni pepo la ukoo. Daktari akampa vidonge, vikamnenepesha, akawa anasinzia mbele ya mashine mpaka msimamizi akamwonya. Akaviacha. Pale depo kulikuwa na kijana wa Kizungu anaitwa Travis, aliyekuwa askari Afghanistan. Yeye pia alikuwa halali. Wasiolala wanajuana kwa macho. Travis akamwambia kuna nyumba nje ya mji, shambani, wanakutana askari wa zamani Jumamosi mchana, kuna mama anawasimamia, wanakula uyoga, na wengine wamepona.

Semahoro akanipigia. Yaya ndivyo anavyoniita, mimi dada yake mkubwa. "Yaya, ni uyoga tu."

Mnaelewa? Uyoga. Kwetu milimani mvua zikianza, mama zetu walikuwa wanatoka alfajiri na vikapu, wanarudi nao mweupe, mkubwa, wanaupika na samli ya ng'ombe, na nyumba nzima inanukia. Nyirangabo ndiye alikuwa fundi wa kuuona hata chini ya majani. Mtoto yule aliposikia uyoga, hakusikia dawa ya kulevya. Alisikia jiko la mama yake.

"Uyoga wa Wazungu ni habari nyingine," nikamwambia. "Uache."

"Umeujuaje, Yaya?"

Nilikuwa naujua kwa sababu ya Mzee Dale. Huyu ni mzee wangu wa Hilliard, ana miaka sabini na nane, miguu imekufa, mdomo haujafa. Alikuwa hipi. Ukutani mwake kuna matangazo ya muziki ya zamani yenye herufi zilizoyeyuka, huwezi kuyasoma hata ukiinamisha kichwa. Kila asubuhi nikimsugua mgongo ananipa somo, maana alikuwa mwalimu wa historia na hakuna mwingine aliyebaki wa kumfundisha. Alikuwa mwanafunzi hapa Columbus, akaacha masomo, akapanda gari la rafiki yake mpaka California. Huko walikuwa wanameza LSD, dawa ya njozi kama uyoga ule, kidonge au kwenye kipande cha sukari, wanaona rangi, wanalia, wanakumbatiana, wanaamini vita vya Vietnam vitakwisha kwa sababu wao wameona mwanga.

Mwanzoni, anasema, haikuwa hata kosa. Madaktari walikuwa wanawapa wagonjwa wa kichwa na walevi. Majasusi nao walikuwa wanaijaribu kwa watu ambao hawakuambiwa wamekunywa nini. Kule Kentucky, miaka ya hamsini, katika hospitali ya serikali, wafungwa, wengi wao weusi, walipewa LSD siku baada ya siku, na malipo yao yakawa heroini. Nilisimamisha kitambaa nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, imeandikwa. Na uyoga, je? Uyoga ulikuwa wa wenyeji wa milima ya Mexico, walikuwa wanaula kwa kusali, kutafuta ugonjwa wa mtu umetoka wapi. Mzungu mmoja wa benki akaenda, akala, akaandika kwenye gazeti kubwa. Mahipi wakamiminika huko. Mama yule aliyemkaribisha, mganga wa watu, kijiji chake kikamgeukia na nyumba yake ikachomwa moto.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe walikuchoma nini?"

Akacheka. Mwaka wa sitini na tisa polisi walimkamata na vidonge mfukoni. Baba yake akampigia simu mtu aliyekuwa anacheza naye gofu, na kabla ya chakula cha mchana Dale alikuwa nyumbani. Mwaka uliofuata serikali, kwa kuogopa vijana wake yenyewe, ilipitisha sheria kubwa, ikaweka uyoga mstari mmoja na heroini. Watu wakafungwa miaka na miaka, na si watoto wa wacheza gofu. Sasa vyuo vikuu vimeanza tena kuupima, na Oregon wamefungua nyumba ambazo unalipa, unalala kwenye kochi, mtu mwenye leseni anakushika mkono. Binti yake Dale, Heather, ameshakwenda. Alirudi analia kwa furaha na ameacha kazi ya benki.

"Inua mkono wa kulia," nikamwambia, "nikuvalishe sweta."

Basi niliujua. Nilimwambia Semahoro auache, lakini mtu asiyelala husikii naye lugha moja. Akaenda na Travis. Alinisimulia baadaye kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikula, ukawa mchungu, haukuwa na ladha ya nyumbani hata kidogo. Akalala kwenye godoro. Uzito ukaja kama siku zote, na safari hii akauona una uso. "Baba alisimama, Yaya. Alijipangusa magoti. Akaniambia, bon, sasa pumua." Akapumua. Alirudi Newburg, akalala mpaka Jumapili mchana, ibada ikampita kwa mara ya kwanza maishani. Akaenda huko mara moja tena, kisha akaacha, maana hakuwa na haja tena. Mtu alikuwa analala.

Sasa angenyamaza, hadithi ingeishia hapo. Lakini kwetu huwezi kunyamaza. Kanisani kwetu aliyeponywa lazima asimame atoe ushuhuda, na asiyetoa anamwibia Mungu utukufu wake, tumefundishwa hivyo tangu tukiwa tunabebwa mgongoni. Ukipata kazi, unashuhudia. Mtoto akifaulu, unashuhudia. Gari likikukosa barabarani, unashuhudia, na anayetaka utamu anaongeza chumvi kidogo. Semahoro alikuwa ameombewa usingizi na kanisa zima. Atawaambiaje halali, wakati analala?

Nilimpigia Jumamosi. "Sema Mungu amekupa usingizi, ukae chini. Hiyo ni kweli tupu."

"Ni nusu, Yaya."

"Nusu inatosha."

Haikumtosha. Alisimama mbele na suti yake moja. "Bwana asifiwe." Amina. Akasimulia. Alipofika kwenye uyoga, mpiga kinanda aliyekuwa anamsindikiza chini chini akaacha kupiga. Mchungaji akakaa macho chini. Na yote yalikuwa yanarushwa Facebook moja kwa moja, kama kila Jumapili, Louisville wanaona, sisi Columbus tunaona, Buffalo wanaona. Nilikuwa jikoni kwangu na simu imeegemea kopo la chumvi. Nikaona maneno yanavyopita pale chini: uchawi, uchawi, mumtoe, dawa za kulevya. Watu aliowabebea makochi walipohamia. Hawakuandika hivyo alipokuwa halali.

Wiki ile ile wakamtenga. Ushirika hapewi, salamu hapewi, ataketi benchi la nyuma mpaka atubu. Na kwa sababu jambo lilikwisha kusambaa, kutubu Louisville hakutoshi. Ataenda Buffalo, kwa Mchungaji Rutebuka, mkuu wa makanisa yetu, aliyembatiza kule Uganda. Nilikwenda naye. Alikuja kwangu, tukapanda basi hapa Columbus, theluji njiani, yeye na Biblia magotini. Huko Buffalo, kwenye konferansi, mbele ya watu wa miji yote mitatu, alipiga magoti akasema tena yote. Rutebuka akamwekea mikono. Akamwambia kwamba ule uyoga hata sheria ya nchi inaukataza, ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya serikali. Kisha akasema neno ambalo nalikumbuka kila nikimsikia anahubiri: "Usilifiche tena popote. Ukiulizwa na yeyote, sema, na sema umetubu. Kilichotubiwa hakina nguvu juu yako."

Watu wakaimba. Semahoro akalia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko, na nilimwangalia Rutebuka kwa jicho baya. Huyu alipohojiwa kupata uraia wake aliulizwa kama aliwahi kubeba silaha katika kundi lolote. Akajibu hapana, akala kiapo chake, akapiga picha na bendera. Mimi ni mtu wa milima ile. Najua nani alibeba nini. Simlaumu kwa kujibu hapana, ningejibu vile vile. Namlaumu kwa kumfundisha mtoto wa watu dini ambayo yeye mwenyewe aliiacha nje ya mlango wa serikali.

Mwito wa Semahoro wa kuhojiwa kwa ajili ya uraia ukaja majira ya kuchipua. Nilimpigia siku ya mwisho kabla ya interviu. Maswali ya historia alikuwa anayajua kuliko Wamarekani. Avoka, wakili wake, alimwambia ajibu anachoulizwa, afunge mdomo. Mimi nikamwambia wazi zaidi. "Wakikuuliza habari ya dawa au makosa, ni hapana. Hapana moja. Halafu unamleta mama."

"Nitakuwa nimeapa, Yaya."

"Mungu anamjua mama yako."

"Na mimi ananijua," akasema.

Afisa alikuwa mwanamke mpole. Semahoro mpaka leo anasisitiza kwamba alikuwa mpole, hataki nimseme vibaya. Nyota ngapi kwenye bendera, rais nani, mito mikubwa, yote sawa. Akasoma sentensi, akaandika sentensi. Kisha yakaja yale maswali ya ndiyo na hapana, mengi, anayasoma haraka haraka maana kila mtu anajibu hapana. Umewahi kutenda kosa lolote ambalo hukukamatwa? Semahoro akasema ndiyo. Akamwambia alikula uyoga, mara mbili, shambani, uyoga ambao sheria imeukataza, kwamba ametubu mbele ya kanisa na hatarudia.

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. Akamtazama, akamuuliza taratibu, "Una uhakika unataka kujibu hivyo?"

Mlango ule. Alikuwa anamfungulia mlango, masikini, hata yeye alikuwa anamhurumia. Mtu mwingine yeyote angesema samahani, sikuelewa swali, Kiingereza changu kibovu. Lakini mdogo wangu ametoka kupiga magoti Buffalo, na kule ndivyo wanavyokuuliza, una uhakika umetubu, na unapaswa kujibu kwa nguvu. Alidhani anapimwa uthabiti wake. Akakaa wima. "Nina uhakika kabisa, mama."

Basi akaandika.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Tabia yake njema haijathibitika, kwa sababu amekiri kwa kinywa chake. Arudi kuomba miaka kadhaa ikishapita. Na avoka akaongeza lake: usitoke nje ya nchi hii, hata kwa mazishi, maana mpakani wanaweza kukuzuia kurudi. Kwa hiyo mama hawezi kuja, na mwana hawezi kwenda. Nilimpigia Rutebuka. Akashusha pumzi, akasema ni mapenzi ya Mungu, tutaweka jambo hili katika maombi. Nikamkatia simu. Najua hafanyiwi hivyo mchungaji.

Na juma lile lile, si mnaona mambo, Mzee Dale alikuwa na siku yake. Maktaba moja ya hapa mjini ilikuwa na maonyesho ya miaka ya sitini, wakachukua matangazo yake ya ukutani wakayatia kwenye vioo, wakamwalika azungumze. Mimi ndiye niliyesukuma kiti chake. Kulikuwa na jibini, mvinyo, mawaridi. Akapewa kipaza sauti. Akasimulia California, sukari, rangi, ile asubuhi ya polisi. Mtu mmoja akauliza, alitumia mara ngapi? Dale akasema, "Nilipoteza hesabu mwaka wa sitini na nane." Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Wamama wenye mvi walikuwa wanafuta machozi. Nikasimama pale nyuma ya kiti nikiwa nimeshika vipini, na nikaelewa nilikuwa wapi. Nilikuwa kwenye ushuhuda. Ni ule ule, mtu amesimama mbele za watu anasema alikula nini na aliona nini. Huyu wamempigia makofi.

Kwenye gari nikamwambia habari za Semahoro, yote. Sikupanga kumwambia, hasira ilinitangulia. Dale alilia kweli, si kwa kuigiza. Akasema, "Kanyana, sisi tulipigana ili kitu hiki kiwe huru kwa kila mtu."

"Mlipigana," nikasema, "halafu mkarudi nyumbani kula chakula cha mchana."

Heather, aliyekuwa anaendesha, akaniambia kwa sauti laini kwamba ndugu yangu amepita safari ya ajabu ya uponyaji, na angependa siku moja kuisikia kutoka kwake mwenyewe. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Hilliard. Nikamshusha mzee, nikamvua viatu, nikamfunika. Ndiyo kazi yangu.

Sasa nimefika mahali ambapo sipendi kufika. Nyirangabo aliendelea kupiga simu kila Jumapili. Umefika wapi, mwanangu? Semahoro hakumwambia. Kwanza alikuwa hapokei, anaiacha simu inalia juu ya kitanda na yeye anaiangalia. Mimi nilikuwa namwambia mama ana shifti nyingi. Halafu wakatuambia kutoka kambini kwamba Nyirangabo alianguka akiteka maji kisimani, moyo umechoka, daktari wa pale amesema asibebe maji tena. Jumapili iliyofuata Semahoro akapokea.

Alinipigia baadaye. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya zamani, ya mtu asiyelala. "Yaya, nimemwambia wamekubali."

Nilidhani sikusikia. "Umemwambia nini?"

"Mimi ni raia, na karatasi zake zimeanza. Ameniuliza kwa sauti ndogo, Yaya. Sikuweza."

Mtu aliyeshindwa kumdanganya afisa wa mahindi, akashindwa kulidanganya kanisa, akashindwa kuidanganya serikali ya Amerika ikimwomba kabisa adanganye. Uongo wake wa kwanza maishani akampa mama yake. Na kama vile mtu anayeingia majini kwa mara ya kwanza, hakujua mahali pa kina.

Maana Nyirangabo ni mtu wa kwetu. Amepewa jambo kubwa na Mungu. Atanyamaza?

Video ilinifikia Jumatatu, nikiwa kwa Dale, kwenye ngazi za nyuma. Kanisa la mabati, kambini. Nyirangabo ameshikwa mikono na wamama wawili kwa sababu ya miguu, kitambaa kile kile cha kijani. Bwana asifiwe. Amina. Akasema mwanawe aliyetolewa chini ya mwili wa baba yake leo ni Mmarekani. Akasema Mungu amemkumbuka, anaitwa kwenda kuuona uso wa mtoto wake. Wakampigia vigelegele mpaka simu iliyorekodi ikakwaruza. Akatangaza kwamba hana haja tena na vyombo vyake, na pale pale akaviita majina ya watu: sufuria kubwa kwa fulani, jembe kwa fulani, godoro kwa mjane fulani mwenye watoto. Chini ya video watu wa Louisville wameandika Amina. Wale wale. Na Rutebuka wa Buffalo, anayejua kila kitu, naye ameandika Amina.

Nilimpigia Semahoro, hakupokea. Travis ndiye aliyeniambia kwamba kazini anakuja, anapanga vifurushi, haongei. Uzito umerudi. Kule shambani amekataa kwenda tena, kwa sababu alimwahidi Mungu na afisa. Ahadi hizo bado anazishika.

Kisha simu yangu ikalia, namba ya Burundi. Nyirangabo. Mwanawe hapatikani, basi ananiuliza mimi, mwanamke mwenzake, ninayejua mambo ya huku. Sauti yake ilikuwa ya furaha na pumzi fupi. Alisema amegawa kila kitu, analala kwa jirani kwenye mkeka, si neno, ni kwa muda tu. Alitaka kujua mambo mawili. Je, ni kweli, maana wivu ni mwingi na kuna wanaomwambia si kweli. Na siku yenyewe ni lini, ili amtafutie Semahoro uyoga mbichi, amkaushie, amletee, kwa sababu anakumbuka alivyoupenda.

Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto yule kwamba hapana moja inatosha. Mimi ninayejua kudanganya, ninayewaambia wazee wa Hilliard kila siku kwamba wanaonekana vizuri leo. Nilikuwa na kweli mdomoni, nzima, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuisema. Dale alikuwa ananiita ndani, anasikia baridi.

"Mama," nikasema, "uyoga uache. Hauruhusiwi kupita uwanja wa ndege."

"Sawa, mwanangu. Na hilo lingine?"

"Huku kuna baridi sana, mama. Sweta umegawa?"

"Sweta bado ninalo."

"Usiligawe," nikamwambia.